Alhamisi za Kocha Maddern

Jumamosi ya pili ya Oktoba Kunguru wa Haskett, timu ya chuo chetu ya mpira wa Kimarekani, walipoteza kwa pointi moja. Zilikuwa zimebaki sekunde nne. Kijana wetu wa kupiga mateke alipiga, mpira ukaenda vizuri, ukagonga mlingoti wa kulia na kurudi uwanjani kama mbwa aliyefukuzwa jikoni. Watu elfu ishirini na nane tulitoa sauti moja, ile ya mtu aliyekanyaga msumari.

Mimi nilikuwa safu ya thelathini na mbili, kiti namba tisa. Verle Sandquist alikuwa namba kumi. Tumekaa hapo tangu mwaka 1979, mwaka tuliochanga tiketi za msimu kwa jina moja, tukiwa vijana wa kiwanda cha nyama ya nguruwe. Kiwanda hakipo siku hizi. Viti vipo.

Chuo chetu kina desturi yake. Mechi ikiisha, tushinde tushindwe, wachezaji huvua kofia zao ngumu, huenda upande wa kusini mbele ya bendi na kuimba wimbo wa chuo, na kocha mkuu husimama katikati yao. Nikainua darubini.

"Midomo yake haitikisiki," nikasema.

"Nani?" Verle akauliza, na alijua vizuri ni nani.

"Kocha wako."

"Wangu? Mimi ndiye niliyemwajiri?"

"Misimu mitatu, Verle. Beti mbili tu. Watoto wa chekechea wa mji huu wanazijua."

"Mtu amefungwa kwa pointi moja, wewe unataka aimbe kama yuko harusini. Shusha hiyo darubini, bwana. Unaaibisha."

Sikuishusha. Curt Maddern alikuwa amesimama pale, mikono nyuma, kidevu juu, na mdomo umefungwa kama bahasha. Nikaandika kwenye daftari langu tarehe na matokeo, na chini yake: hakuimba.

Tukashuka maegeshoni. Watu wetu huchoma nyama nyuma ya magari kabla ya mechi, na wakipoteza huchoma tena baada ya mechi, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kurudi nyumbani. Pikapu ya Verle huegeshwa mahali palepale, karibu na nguzo ya taa, na jirani yetu ni Duane Hoekstra, anayewauzia wakulima bima ya mvua ya mawe. Duane huniita Mwenyekiti, kwa sababu zamani nilikuwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi kiwandani. Yeye hudhani ni utani.

"Mwenyekiti! Toa taarifa," akapiga kelele, soseji mkononi. "Tumwambieje huyu kocha?"

"Tumwambie afungashe," nikasema. "Ingawa sidhani kama aliwahi kufungua mizigo. Nimekwenda mwenyewe ofisi ya kaunti, nikaomba daftari la ardhi. Hana nyumba. Amepanga ile ya matofali kwenye kona ya Mtaa wa Sita, mitaa mitatu kutoka jengo la timu. Miaka mitatu, mshahara wa mamilioni, na hana hata banda la mbwa kwa jina lake. Mtu anayekusudia kukaa hununua."

"Unaona!" Duane akasema. "Moyo wake hauko hapa. Anasubiri chuo kikubwa kimpigie simu."

Verle alikuwa akigeuza soseji kwa uma, polepole, kama kawaida yake. "Na mimi nilinunua," akasema. "Nilinunua nyumba, nikaingia kazini saa kumi na moja alfajiri kwa miaka ishirini na miwili. Kiwanda kilifungwa, au hakikufungwa?"

"Kilifungwa kwa sababu wa juu hawakuwa na mapenzi nacho!"

"Kilifungwa, Orrin. Ndiyo ninachosema. Mtu anaweza kufanya kazi mpaka mgongo upinde, na bado afungwe kwa pointi moja."

"Hayo ni maneno ya meneja."

"Ni maneno ya mgongo wangu."

Duane akacheka. Mimi sikucheka, maana mameneja nimewaona kwa macho yangu. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano, na sheria ya kazi nilijifunza peke yangu katika maktaba ya mji, neno baada ya neno, kidole kwenye mstari. Mameneja saba walipita kiwandani wakati wangu. Kila mmoja alisimama juu ya kreti na kutuambia kwamba Haskett ni nyumbani. Ninayo majina yao, tarehe walizosema hivyo na tarehe walizoondoka. Wa mwisho aliondoka Ijumaa, kiwanda kikafungwa Jumatatu. Kwa hiyo mtu wa kutoka mbali akisimama mbele ya wimbo wangu na mdomo umefungwa, siwezi kusema eti amechoka.

"Basi nieleze Alhamisi," nikamwambia Verle.

"Alhamisi gani?"

"Kila Alhamisi saa nane mchana napita jengo la timu. Magari ya makocha wadogo yapo yote, yamepangwa. Nafasi yake, ile yenye jina lake kwenye kibao, tupu. Wiki tano mfululizo. Siku mbili kabla ya mechi! Yuko wapi?"

Verle akaacha kugeuza soseji. "Wewe unapita pale kufanya nini?"

"Nikienda maktaba."

"Maktaba iko upande mwingine wa mji."

Duane akaangalia viatu vyake. Mimi nikajimiminia kahawa. Ukweli ni kwamba tangu mke wangu Lorna afariki, wiki yangu ina siku moja. Jumamosi saa mbili asubuhi Verle anapiga honi mara mbili mbele ya nyumba yangu, natoka, naingia, na mpaka jioni nina mtu wa kubishana naye. Siku sita nyingine naendesha gari. Hilo sikulisema maegeshoni. Nilisema tu, "Yuko wapi Alhamisi? Jibu hilo."

"Sijui," Verle akasema. "Wala wewe hujui."

Jumatatu saa kumi na mbili jioni nikapiga simu kwenye kipindi cha redio cha mashabiki. Dale Prochnow, mtangazaji, ananijua kwa sauti. "Orrin wa Mtaa wa Maple, uko hewani, mzee wetu, tupe moto." Nikawapa. Nikaeleza wiki tano, nafasi tupu, saa nane mchana. Nikamaliza kwa kuuliza, "Kocha Maddern, Alhamisi huwa uko wapi?" Dale akapiga mluzi. Baada yangu walipiga watu kumi na mmoja, na tisa kati yao walizungumzia Alhamisi. Mmoja alikuwa amesikia kwamba huenda kucheza gofu. Mwingine shemeji yake alimwona uwanja wa ndege. Nilikaa jikoni nikisikiliza, na nakiri kwamba sikuwa nimefurahi hivyo tangu mgomo wa 1986, tulipofunga lango la kiwanda na hakuna lori lililotoka kwa wiki kumi na tatu.

Mechi ya nyumbani iliyofuata, wanafunzi walikuja na mashuka. Walikuwa wameyaandika kwa rangi nyeusi: ALHAMISI UKO WAPI? Tuliongoza kwa pointi ishirini hadi mapumziko. Nani anajua kilichotokea baada ya hapo. Mpira ulituponyoka mara tatu, mlinzi wetu bora akabebwa kwenye machela, na katika robo ya nne tulikuwa nyuma. Ndipo wakaanza, upande wa wanafunzi kwanza, halafu uwanja mzima, wakipiga miguu kwenye vyuma: Al-ha-mi-si! Al-ha-mi-si!

Nami niliimba. Nilikuwa nimesimama. Maddern aligeuka akatazama juu, siyo kwa hasira. Alitazama kama mtu anayesikia jina lake likiitwa stesheni na haoni anayemwita.

Verle aliketi. Uwanja mzima umesimama, yeye ameketi, mikono kati ya magoti.

Kwenye pikapu hakuwasha jiko. Duane alikuja na sahani yake tupu. "Mwenyekiti, umeitikisa nchi! Leo hatuli?"

"Leo nenda kwako, Duane," Verle akasema, na Duane akaondoka.

Tuliingia kwenye gari. Verle aliweka funguo lakini hakuzungusha.

"Una uhakika?" akaniuliza.

"Nimeona kwa macho."

"Uliona nafasi ya gari. Wewe si ndiye unayesema karatasi hazidanganyi? Chuo ni cha serikali. Kila mlango wa lile jengo unafunguliwa kwa kadi, na kadi inaandika saa. Omba karatasi za mlango."

Nilishangaa sikuifikiria mimi. Sheria ya jimbo letu inampa mtu yeyote haki ya kuomba karatasi za ofisi ya umma, na nadhani hapa Haskett inatumika zaidi kwa ajili ya mpira kuliko kwa barabara na maji. Watu wamewahi kuomba orodha ya simu za kocha, hata safari za ndege yake.

"Nitaomba Jumatatu," nikasema.

"Vizuri. Zikifika, vyovyote zitakavyosema, utazisoma redioni. Kwa mdomo huohuo. Nataka unipe neno lako."

"Na zikisema hakuwepo?"

"Nitasimama kwenye kiti changu niimbe Alhamisi peke yangu." Hakutabasamu. "Lakini mpaka siku hiyo, Orrin, sitakuja kukuchukua. Siwezi kukaa pembeni yako wakati wanaimba vile. Ukishindwa kuzisoma, basi. Tafuta mtu mwingine wa kiti namba kumi."

"Verle, acha zako. Kwa ajili ya kocha?"

"Siyo kwa ajili ya kocha," akasema, akawasha gari.

Jumatatu nikapeleka barua. Jumamosi iliyofuata timu ilicheza ugenini, mechi ambayo kila mwaka tuliiangalia sebuleni kwa Verle, mkewe Marlys akituletea supu ya viazi. Niliiangalia kwangu. Tulifungwa kama magunia. Jumapili mchana chuo kikatangaza: Curt Maddern ameachishwa kazi, kocha msaidizi atamalizia msimu. Simu yangu ililia mara sita. Duane aliimba. Nilishika simu kila mara nikitumaini ni Verle.

Karatasi zilifika Jumatano, siku tatu baadaye. Nilizifuata ofisi ya kumbukumbu ya chuo, ghorofa ya chini, kwa mama mmoja aitwaye Renata Voss, mwenye miwani kwenye mnyororo. Alinisukumia bahasha. Nikaifungua palepale kaunta na kwenda moja kwa moja kwenye Alhamisi.

Saa kumi na dakika hamsini alfajiri, mlango wa kaskazini, kuingia. Saa tatu na dakika arobaini usiku, mlango wa kaskazini, kutoka. Alhamisi iliyofuata, saa kumi na dakika arobaini na nane. Iliyofuata, hivyohivyo. Nikaangalia Jumanne. Nikaangalia Jumapili. Mtu huyo hakuwa na siku ya kupumzika.

"Hizi ni za kadi yake kweli?" nikauliza.

"Za kadi yake."

"Gari lake halikuwepo. Nililitafuta mwenyewe."

Akanitazama juu ya miwani. "Gari Alhamisi anakuwa nalo mkewe, anafundisha piano huko Dunmore. Yeye hutembea."

"Hutembea?"

"Kwa miguu, mzee. Mitaa mitatu. Anaweka mguu mmoja mbele, halafu mwingine."

Nyumba ile niliijua, umbali nilikuwa nimeutaja mwenyewe kwa mdomo wangu maegeshoni. Lakini katika mji wetu hakuna anayetembea. Mtu ambaye gari lake haliko mlangoni hayupo, ndivyo tunavyomsoma mtu, na haikuwahi kunipitia kichwani kwamba kocha wa Kunguru anaweza kufika kazini kwa viatu.

Nilikaa ndani ya gari, bahasha mapajani. Nilitafuta pa kuiweka hasira yangu nikakosa. Kama yule mtu alifanya kazi saa kumi na saba kwa siku na bado tulifungwa, basi hakuna aliyetuibia. Hilo lilinitisha kuliko uongo wa mameneja saba.

Saa kumi na mbili nikapiga simu redioni.

"Orrin wa Maple! Umemng'oa, mzee! Nani unamtaka sasa?"

"Dale, nina karatasi za mlango. Nataka kuzisoma. Nilikosea. Alhamisi ya tarehe tatu, saa kumi na dakika hamsini alfajiri..."

"Ngoja, ngoja. Za Maddern?"

"Alikuwepo. Kila Alhamisi. Alikuwa anatembea."

Dale akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeangalia saa. "Sawa, mzee, tumekusikia. Hayo yamepita, sivyo? Leo tuna majina manne mezani. Twende kwa Kyle, yuko barabarani."

Nilikuwa nimesoma mstari mmoja. Nilipiga tena, laini ikawa inatumika. Nikapiga mara kumi na nne.

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa Verle. Alikuwa gereji, amepiga magoti mbele ya mashine ya kusukuma theluji, mikono myeusi kwa grisi.

"Nimesoma," nikasema.

"Nilisikia. Mstari mmoja."

"Dale alinikata! Ningesoma zote. Unajua ningesoma zote."

"Najua." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Kaa."

Sikukaa.

"Mwaka themanini na sita," akasema, "wiki ya kumi na moja. Ulisimama ukumbini ukasoma majina ya waliovunja mgomo. La nne lilikuwa langu."

"Verle..."

"Mtu alikuambia ameniona mlango wa nyuma. Mimi nilikuwa hospitali ya kaunti na Marlys, ujauzito ukiharibika. Nilitoka pale nikatemewa mate nje ya duka la mikate. Ulipojua ukweli ulifanya nini?"

Nina kumbukumbu ya kila jambo la mwaka ule. Najua lori la kwanza lilikuwa na namba gani. Nilitafuta jibu la swali hilo.

"Nililifuta jina," nikasema.

"Kwenye karatasi. Kwa penseli. Ukumbini hukurudi kusimama. Tulikaa misimu minne, bega kwa bega, safu ya thelathini na mbili, bila kusemezana hata neno, kwa sababu tiketi zilikuwa jina moja na hakuna aliyekubali kuachia. Halafu siku ile tulipoifunga timu ya chuo cha jimbo ukanikumbatia, nami nikakuacha unikumbatie, nikadhani basi, hilo ndilo neno lenyewe." Akakunja kitambaa mara mbili. "Juzijuzi uwanja ulipoanza kuimba nilikuangalia usoni. Ulikuwa na uso uleule wa ukumbini."

"Nisamehe," nikasema. Miaka yote ile, na lilitoka dogo, kama kikohozi.

"Nimesikia," Verle akasema, kwa upole. "Yule mtu umemwambia?"

"Nani?"

"Maddern."

Nikaenda kwa Maddern. Lori la kuhamisha vyombo lilikuwa mbele ya ile nyumba ya matofali, na yeye alikuwa barazani akifunga boksi kwa utepe wa gundi, amevaa soksi. Kwa karibu alionekana mfupi. Nilisema jina langu na kwamba nimekuja kusema kitu, akainua kichwa.

"Sauti hiyo naijua," akasema. "Wewe ni Alhamisi."

"Ndiyo."

"Mke wangu alitaka kupiga simu redioni. Nikamwambia acha, tukishinda watanyamaza." Akabonyeza utepe kwa kidole gumba. "Hatukushinda."

Nikamwambia kuhusu karatasi, kwamba nimezisoma, kwamba nilikatwa. Alinisikiliza kama mtu anayepewa maelekezo ya barabara ambayo hataipita tena. Kisha akatazama upande wa uwanja, ambako bendi ilikuwa ikifanya mazoezi.

"Jumamosi kimbilieni kushoto," akasema, na sidhani alikuwa akinisemesha mimi. "Jamaa wao mkubwa wa upande ule goti lake bovu, analificha. Nimemwangalia mwezi mzima. Robo ya kwanza atasimama, ya pili atasimama. Ya tatu hatasimama. Nimewaachia vijana maelezo." Akachukua boksi jingine. "Haya, mzee. Kuna baridi."

Jumamosi nilivaa mapema. Nikakaa dirishani kuanzia saa moja na nusu. Saa mbili ikapita. Saa mbili na robo gari lilipiga honi, likawa la majirani. Saa tatu nikaenda mwenyewe, nikaegesha mbali, kwa sababu nafasi ya karibu na nguzo ilikuwa ya Verle na ilikuwa tupu.

Kiti namba kumi alikaa mwanamke wa makamo mwenye koti jipya la timu, bado lina mikunjo ya dukani. Kijana wake alikuwa mwaka wa kwanza, wametoka Arizona. Tiketi alipewa na mzee mmoja mpole langoni, hakutaka hata senti.

"Alisema chochote?" nikamuuliza.

"Alisema kuna mtu pembeni atanieleza mchezo."

Robo ya kwanza jamaa yao mkubwa alisimama. Ya pili alisimama. Ya tatu, Kunguru walianza kukimbilia kushoto, mara moja, mara mbili, mara ya tatu, na yule mtu akapiga goti chini kama ng'ombe mchovu, akainuka, akapiga tena. Njia ikafunguka. Kijana wetu alikimbia yadi sitini bila kuguswa. Uwanja uliruka. Miaka arobaini na zaidi, jambo kama hilo likitokea, nilikuwa nageuka upande wa kulia, na Verle alikuwa tayari ameshageuka.

Niligeuka.

"Ni goti," nikasema kwa nguvu ili anisikie. "Goti la yule mkubwa. Kocha ndiye aliyeliona. Maddern. Aliliangalia mwezi mzima."

Yule mama alinitabasamia, simu mkononi, akirekodi. "Nani?"

"Maddern."

"Ndiye huyu namba ishirini na mbili?"

"Hapana," nikasema. "Siye."

Akaomba kupita aende kununua chokoleti ya moto, nami nikasogeza magoti yangu.